Upande wa Pili wa Santuri

Mwaka wa 1987, nilipokuwa na umri wa miaka 12, shule yetu ilitupeleka kwenye maonyesho ya kilimo ya Kisumu, katika uwanja wa Mamboleo, ili tujifunze kuhusu ng'ombe wa gredi, mbegu bora na mizinga ya kisasa ya nyuki. Tulipangwa mistari miwili, tukapitishwa mbele ya vibanda, tukaambiwa tuandike kila tulichokiona. Mimi sikuandika lolote la maana, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yameshavutwa kwingine. Upande wa chini wa uwanja, nyuma ya uzio wa turubai ambako watu wazima walikunywa bia, gitaa lilikuwa likilia, na mlio wake ulitufikia ukiwa umechanganyika na moshi wa nyama choma na mngurumo wa jenereta.

Nilichomoka mstarini pamoja na mwenzangu mmoja. Tulilala kifudifudi kwenye nyasi, tukainua ukingo wa turubai kiasi cha kupitisha macho tu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu: mamia ya viatu vya ngozi, vya mpira na vya wazi, vyote vikilikanyaga vumbi kwa mwendo mmoja. Juu ya vumbi hilo palikuwa na jukwaa la mbao lililowekwa juu ya mapipa, na juu ya jukwaa palikuwa na suruali ya kijivu niliyoifahamu barabara, kwa kuwa mimi ndiye niliyeipiga pasi usiku uliotangulia. Ilikuwa suruali ya baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa fundi wa baiskeli katika soko la Kibuye. Jioni na mwisho wa juma alipiga gitaa la rithimu katika bendi moja ya benga ambayo haikuwahi kuvuma na ambayo jina lake halitamsaidia msomaji yeyote. Walikuwa watu sita wenye magitaa matatu, mawili kati ya hayo yakiwa ya kuazima. Uzi ulipokatika na fedha za kununulia mwingine zikakosekana, baba mdogo alichambua unyuzi mmoja kutoka kebo ya breki ya baiskeli, akaufunga palepale, akaendelea kupiga. Mlio wake ulikuwa wa kukwaruza, na alijua hivyo, lakini alidai kwamba usiku wa manane, watu wakishatoka jasho, hakuna anayetofautisha uzi wa dukani na uzi wa breki.

Kwa wasomaji ambao hawakulelewa kando ya ziwa, benga ni muziki wa gitaa uliozaliwa Nyanza, na asili yake husimuliwa kwa namna nyingi. Linalokubaliwa na wengi ni kwamba askari waliorejea kutoka Vita Vikuu vya Pili mwaka wa 1945 walirudi na magitaa na kodiani, na kwamba vijana waliojifunza magitaa hayo tayari walikuwa na nyatiti vichwani mwao. Nyatiti ina nyuzi 8. Anayeipiga huketi chini, huvaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa pete hiyo hugonga ukingo wa chombo huku vidole vikichezea nyuzi na kinywa kikiimba. Mtu mmoja, basi, ni bendi nzima. Magitaa ya umeme yalipofika, kazi ya mtu huyo mmoja iligawiwa watu watano au sita: besi ikachukua nyuzi nene na kukimbia mbio kuliko besi ya muziki wowote mwingine niliousikia, solo ikachukua nyuzi nyembamba, rithimu ikabaki katikati ikiwaunganisha, na ngoma zikachukua kazi ya kile kidole gumba. Baba mdogo aliniambia kwamba mpiga rithimu ni kama mpini wa jembe: hakuna anayeusifu, lakini uking'oka mtabaki mnaangaliana shambani.

Wimbo wa benga una sehemu mbili. Kwanza huja maneno, kwa mwendo wa utulivu, yakimsifu msichana, au mfadhili, au yakimlilia marehemu. Kisha waimbaji hunyamaza, na magitaa huanza kuulizana na kujibizana, mwendo ukipanda hatua kwa hatua. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyowatoa watu vitini, na Wakongo wana jina lao kwa kitu kinachofanana nayo, sebene. Tatizo lilikuwa santuri. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika iliweza kubeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo watayarishaji waliukata wimbo katikati: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa. Nyumbani kwetu kulikuwa na gramafoni ya marehemu babu, na ninakumbuka jinsi wageni wa Krismasi walivyosimama kimya katikati ya sebule, miguu ikiwa bado ina hamu, wakimsubiri mtu aigeuze santuri. Mama alikuwa akisema, kwa mzaha, kwamba huo ndio wakati pekee ambao mume wake alimsikiliza.

Katika onyesho la moja kwa moja hapakuwa na kugeuza. Hilo ndilo ninalolikosa, na nimechukua miaka mingi kulielewa. Siku hizi nyimbo zenyewe ninazo zote katika simu, pamoja na nyingine ambazo baba mdogo mwenyewe alikuwa amezisahau, na zinasikika safi kuliko zilivyowahi kusikika katika ukumbi wowote wa Kondele. Zina mwisho, hata hivyo. Wimbo ule ule uliokuwa wa dakika 6 kwenye santuri uliweza kwenda nusu saa jukwaani, na aliyeamua urefu wake hakuwa mtunzi wala mpiga solo. Waliouamua ni watu waliokuwa wakicheza, kwa miguu yao, na kwa mifuko yao pia.

Nasema mifuko kwa sababu ya pakruok. Wanafunzi wa fasihi simulizi watakumbuka majigambo na vivugo, zile tungo ambazo shujaa hujitungia mwenyewe akijisifu. Pakruok ni ndugu wa hayo, ila huuzwa na kununuliwa. Katikati ya wimbo, mtu aliinuka mezani, akalisogelea jukwaa, akaweka noti mkononi mwa kiongozi wa bendi au akaibandika kwenye paji lake la uso lililolowa jasho. Magitaa yalishuka bila kukatika, yakabaki yakinong'ona, na mtu yule akapewa kipaza sauti. Alijitaja jina, akataja kwao, akamtaja shemeji yake, akaeleza kwamba yeye ni mvua inayonyesha kiangazi au mamba ambaye ziwa lote linamjua, kisha akanyoosha mkono na muziki ukapaa tena. Kabla hajaketi, mwingine alikuwa ameshasimama kumjibu. Nimewahi kumsikia mwalimu mkuu mmoja, mtu mkali asiyewahi kutabasamu mbele yetu, akijiita kwa Kijaluo kiberiti kinachowaka ndani ya maji. Jumatatu tulimtazama gwarideni kwa macho mengine kabisa.

Sasa nitoke kidogo nje ya Kisumu. Katika shule ya bweni nilikuwa na rafiki kutoka Nakuru ambaye hakuipenda benga hata kidogo. Kaka yake alikuwa amemletea kaseti za bendi za roki za Uingereza na Marekani, na alizisikiliza kwa redio ndogo yenye betri zilizokaushwa juani ili ziongeze uhai. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Woodstock, lile tamasha la Agosti 1969 katika shamba la ng'ombe wa maziwa kwenye jimbo la New York, ambako watu wanaokadiriwa kufika 400,000 walikaa siku nne wakinyeshewa na kugaagaa kwenye matope. Alinisimulia kwa heshima kubwa, naye alitarajia nistaajabu. Mimi nilimuuliza kama waliokuwa matopeni walipewa chakula, kwa maana sisi hali hiyo ya kulala nje siku nne, muziki ukipigwa na mvua ikinyesha, tuliifahamu kwa jina la matanga. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba tamasha la kwanza la Glastonbury, mwaka wa 1970, lilikuwa na kiingilio cha pauni moja, na kwamba mwenye shamba aliwapa watu maziwa ya bure. Hilo lilinigusa zaidi ya Woodstock. Mkulima anayeita wanamuziki shambani na kugawa maziwa ni mtu ambaye angeeleweka vizuri sana hapa kwetu.

Tofauti ni kwamba wenzetu husubiri majira ya joto, na jua letu halina likizo. Majira yetu ya muziki yalipangwa na kalenda ya shule na mifuko ya watu: maonyesho ya kilimo katikati ya mwaka, kisha Desemba, wakati waliofanya kazi Nairobi, Mombasa na mashamba ya chai ya Kericho walipopanda mabasi kurudi nyumbani wakiwa na redio mpya na viatu vya kuonyesha. Rafiki yangu, kwa upande wake, hakuwahi kuamini kwamba bendi za Uingereza zilikuwa zimewahi kutuazima sisi. Mwaka wa 1968 kundi la The Tremeloes lilirekodi "Helule Helule", wimbo wa Daudi Kabaka, mwana wa magharibi ya Kenya, nao ukaingia katika chati za Uingereza. Nilikuja kulijua jambo hilo tukiwa tumeshaachana, na bado natafuta mahali pa kumtumia habari.

Muziki wetu ulisafiri kusini pia. Santuri zilizotolewa na Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki ambaye baadaye aliingia katika siasa, zilipendwa mno nchini Zimbabwe hata watu wa huko wakaanza kuuita muziki wenyewe kanindo. Sijui ni watu wangapi duniani ambao jina lao limekuwa jina la mtindo wa muziki katika nchi wasiyozaliwa.

Dansi langu la kwanza halali, ambalo niliingia kwa mlango badala ya turubai, lilikuwa la Desemba 1993 katika kituo kimoja cha soko huko Ugenya. Bendi ya baba mdogo ilifika saa tisa alasiri ndani ya pikapu, wanamuziki wakiwa wamekalia spika ili zisidondoke. Watoto waligombania kubeba vyombo, kwa sababu aliyebeba hata kisahani cha ngoma aliingia bure. Waliobaki walilipa kiingilio na kugongwa muhuri wa wino wa zambarau juu ya kifundo cha mkono, na mara tu wa kwanza alipotoka nje, kazi ya kughushi ilianza: unalamba mkono wako, unaubana juu ya muhuri wa mwenzako wakati wino bado ni mbichi, kisha unaingia ukiuonyesha kwa haraka, huku ukiomba mlinzi asigundue kwamba maandishi yamegeuka kinyume. Hadi saa nne usiku ukumbi ulikuwa umejaa hadi mabati yakawa yanatiririka maji ya pumzi zetu.

Walijaribu vyombo kwa muda mrefu. Nadhani nusu ya starehe ilikuwa pale, katika kule kusubiri, mpiga solo akikaza uzi na kuulegeza, mtu akihesabu moja mbili, moja mbili katika kipaza sauti kinachopiga mbinja, jenereta ikizimika na ukumbi mzima ukiguna gizani kwa pamoja. Kisha besi iliingia. Sina namna nzuri ya kuieleza besi ya benga katika ukumbi wa mabati isipokuwa kusema kwamba niliisikia kwanza kwenye magoti. Tulicheza hadi matatu ya kwanza ya alfajiri ilipopiga honi nje, na wimbo wa mwisho haukuisha kwa kweli, bali ulipungua kadiri watu walivyoondoka mmoja mmoja, mpaka wakabaki wanamuziki peke yao na mlevi mmoja aliyekuwa akijisifu bila kulipa.

Asubuhi hiyo mwenye ukumbi alidai kwamba mapato hayakutosha, akawapa nauli na kilo mbili za sukari. Baba mdogo hakushangaa. Nimelitaja jambo hilo kwa makusudi, kwani kumbukumbu za ujana zina tabia ya kuwasahau waliokuwa wakifanya kazi wakati sisi tukistarehe. Dada yangu mkubwa, aliyezijua nyimbo hizo kuliko mimi na kuzicheza vizuri zaidi, hakuruhusiwa kuhudhuria hata dansi moja, na wasichana waliohudhuria walipewa majina ambayo mengine yaliwafuata hadi walipoolewa. Nikimwambia leo kwamba nazikosa siku hizo, hunijibu kwamba yeye hawezi kukosa kitu ambacho hakupewa. Sina jibu.

Tena kulikuwa na kifo. Katika miaka ya 1990 ukimwi uliingia Nyanza kwa nguvu ambayo hakuna familia iliyosalimika, na wanamuziki, watu wa usiku na wa safari, walikuwa miongoni mwa walioondoka mapema. Kati ya watu sita wa bendi ya baba mdogo, walikuwa wamebaki wawili ilipofika 1999. Mwishoni mwa miaka hiyo Princess Jully, aliyekuwa ameichukua Jolly Boys Band baada ya mumewe, Prince Jully, kufariki, aliimba "Dunia Mbaya", na watu walicheza wimbo unaoonya juu ya ugonjwa huo katika kumbi zile zile ulikokuwa ukisambaa. Tulicheza hata hivyo, na magitaa yake yalikuwa matamu kweli.

Mengine yanajulikana, na nitayapita upesi. Kaseti za wizi ziliwanyima wanamuziki kipato kidogo walichokuwa nacho. Bendi zenyewe ziligawanyika mara kwa mara, kila mpiga solo akitaka jina lake litangulie. Mtu mmoja mwenye kinanda cha umeme alianza kufanya kazi ya watu sita kwa bei ya mmoja, na hapo gurudumu likazunguka hadi kwa mpiga nyatiti, isipokuwa kinanda hakitoki jasho. Disko matanga ikachukua mazishi. Mwaka wa 2010 ikaja sheria ya vileo, ambayo Wakenya waliipa jina la mbunge aliyeiwasilisha, nayo ikaziwekea baa saa za kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Ninaielewa sababu yake, lakini wimbo wa nusu saa hauwezi kuishi vizuri pamoja na saa ya ukutani. Kafyu ya Machi 2020, iliyodumu hadi Oktoba 2021, ilimalizia kumbi nyingi zilizokuwa zikichechemea.

Wakubwa wenyewe nao walikuwa wameondoka. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania na kiongozi wa Shirati Jazz, alifariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka wa 2006. Siku habari ilipofika, baba mdogo alikuwa akinyoosha rimu ya gurudumu la mbele la baiskeli ya mteja. Aliendelea kuinyoosha hadi ikanyooka, akaizungusha kuipima, akamrudishia mwenyewe baiskeli bila kudai malipo, kisha akafunga kibanda. Musa Juma alipofariki mwaka wa 2011, nilikuwa mjini Nakuru kwa shughuli za kazi, na mwenye hoteli niliyokuwamo, Mkikuyu asiyejua neno la Kijaluo, aliziweka nyimbo zake kuanzia kifungua kinywa hadi usiku.

Uwanja wa Mamboleo niliolala kifudifudi mwaka wa 1987 sasa una uwanja mkubwa wa michezo, ambao ulitumiwa kwa sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka wa 2021. Nilipoenda kuutazama nilijaribu kukadiria mahali uzio wa turubai ulipokuwa, nikashindwa. Askari wa langoni alinitazama kwa mashaka nikizunguka huku na huku nikitazama chini, akaniuliza, "Mzee, umepoteza kitu?" Nilimjibu kwamba natafuta njia ya kutokea.

Desemba iliyopita nilimpeleka baba mdogo, ambaye sasa amepita umri wa miaka 70, kwenye hoteli moja kando ya ziwa ambako bendi ya vijana hupiga benga kila Jumamosi. Walipiga vizuri. Nililaumu kimoyomoyo mambo madogo, kama wazee wanavyolaumu: kwamba waliruka maneno haraka ili wafike kwenye magitaa, kwa sababu watu walikuwa wakirekodi kwa simu na hakuna anayerekodi mtu akiimba taratibu, na kwamba kila wimbo ulikatwa baada ya dakika 5 kana kwamba bado kuna santuri ya kugeuzwa. Pakruok ilikuwepo, ila fedha zilitumwa kwa M-Pesa, na mshereheshaji alisoma majina kutoka kwenye skrini ya simu yake, mengine akiyakosea.

Baba mdogo alinisogelea. "Mwanangu, mtu anajisifu kwa meseji?"

"Ndiyo mambo ya sasa, baba mdogo."

Aliagiza soda nyingine, akainywa hadi nusu, kisha akainuka bila kuniaga. Alitembea polepole hadi jukwaani akiwa ameshika noti ya shilingi 200 iliyokunjwa, akaitia mkononi mwa mpiga rithimu badala ya kiongozi, akaomba kipaza sauti. Vijana walitazamana, lakini mpiga rithimu alikuwa ameshaelewa na kushusha gitaa lake hadi likawa mnong'ono, na wenzake wakamfuata. Baba mdogo alijitaja. Alisema kwamba yeye ni fundi wa baiskeli wa Kibuye, mtu aliyefunga uzi wa breki kwenye gitaa na Ugenya nzima ikacheza hadi alfajiri bila kugundua. Akawataja wanne, kila mmoja kwa kijiji chake na kwa chombo alichokipiga, kama watu waliochelewa njiani. Kisha akanyoosha mkono juu.

Magitaa yalipaa. Meza ya pili ikainuka, mama mmoja mwenye kitenge akaenda kujibu, na baada yake mzee mwingine, na hakuna aliyekumbuka kutuma chochote kwa simu. Wimbo ulipofika mahali ambapo vijana wale walikuwa wamezoea kuukata, mpiga besi aliitazama saa ya ukutani, akawatazama watu, kisha akaendelea.